Agafia Ameuliza Anunue Ipi

Agafia, swali lako ni la dakika moja
na mimi nina usiku mzima, jiko la kuni,
na mbwa asiyetaka kutoka nje.
Hapa Willow jua limezama saa kumi kasorobo.
Alaska haina haraka, basi nami sina.

Ile nyekundu ya marehemu Verlin Stroud
ilitoka kiwandani mwaka wa hamsini na tatu.
Ina cheti, ina muhuri, ina madaftari manne
yaliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu.
Humo mafundi wameandika, mwaka baada ya mwaka,
*nimekagua, ni salama*, kisha sahihi.
Watatu kati yao nimebeba majeneza yao.
Ukitaka kubadili hata bawaba ya mlango
sharti ije na karatasi yake, kama msafiri na pasi,
kwa bei mara sita ya ile iliyoko dukani kwa Hesketh:
chuma kilekile, matundu yaleyale.
Cheti ni mkwe, Agafia.
Huingii chumbani kwake bila hodi.

Ile ya Torvald Ikerd ilikuja kwa lori,
makasha mawili na kitabu cha maelekezo.
Majira ya baridi matano gerejini;
gari likalala nje, mkewe akalala kwa dada yake.
Ribiti elfu kumi na moja. Alizihesabu, akatuhesabia.
Ina matairi manene kama mito ya sebuleni,
inapaa kabla hujamaliza kupiga chafya,
na kwenye changarawe za Susitna inatua kama kunguru
pale ambapo ile ya Verlin ingehitaji kiwanja, maombi
na upepo wa usoni.
Mlangoni imeandikwa, kwa amri ya serikali, MAJARIBIO,
abiria asome kabla hajainua mguu.
Skrubu ikipotea, anakwenda kwa Hesketh.
Aliyeijenga anaikagua mwenyewe.
Lakini wewe hukuijenga,
kwa hiyo kila mwaka itarudi kwangu, na ankara yangu.

Hayo hata wauzaji watakwambia.

Masika yaliyopita nilifungua bawa la Torvald,
nikaingiza tochi na kioo cha kunyolea.
Karibu na ubavu wa tisa, kwa penseli, duara dogo:
*Hii imekaa kombo. Nilikuwa na hasira. Machi.*
Nikakaa chini kwenye ndoo.
Miaka thelathini na mmoja ya kazi hii,
na hakuna kiwanda kilichowahi kuniambia
siku gani kilikuwa na hasira.

Na ile nyekundu, fungua daftari la tatu,
Juni, ukurasa wenye doa la kahawa.
*Nimekagua, ni salama.* Hiyo sahihi ni yangu.
Sikuifungua nguzo ya bawa la kushoto.
Mvua ilikuwa inakuja, samoni wanapanda mto,
Verlin amesimama na funguo mkononi.
Mwaka uliofuata nikaigusa kwa ncha ya bisibisi
na bisibisi ikazama
kama kidole kwenye papai bovu.
Mwaka mzima alikuwa amepandisha wajukuu angani
juu ya jina langu.
Alicheka, akalipia nguzo mpya, hakuuliza.
Nami sikufuta. Daftari la ndege halifutwi.

Sasa unataka ipi.
Una uwanja mfupi nyuma ya nyumba, watoto wawili,
na fedha za mkopo. Najua ungependa niseme moja.

Njoo Alhamisi. Vaa glavu, hayo mabati yanauma.
Nitazifungua zote mbili, wewe utashika taa,
na pale nitakaposema *ni salama*
uniulize nimejuaje.
Uniulize mara mbili.
Hundi iache nyumbani.

Mbwa amekubali kutoka. Ameona theluji,
amerudi.