Niletee Wimbi

Siku tatu tu, niliwaambia, siku tatu za mchanga na maji,
likizo ya kwanza tangu nianze kushika chaki.
Lakini mtu akienda ziwani haendi peke yake,
anakwenda na vinywa vya nyumba nzima.

Mama mkwe alitaka mawese. "Si yale ya kuchakachua.
Nitayajua." Na kweli atayajua.
Hidaya wa nyumba ya pili, dagaa, sado moja, wasio na mchanga.
Mwalimu mkuu hakuagiza kitu. Alisema tu
kwamba migebuka wa zamani walikuwa wakubwa.
Na Mihayo, miaka saba, jino la mbele halipo,
alinivuta kanga:
"Mama, niletee wimbi."

Basi nikaoga ziwa siku moja na nusu.
Muda uliobaki nilikuwa Kibirizi, sketi nimeikunja,
napepeta dagaa viganjani kama anayetafuta pete,
hadi muuzaji, Bi Ntahondi, akachoka kunitazama:
"Mgeni, dagaa asiye na mchanga ni wa kuchorwa."
Akanipimia. Nilipokwisha kulipa
akaongeza kiganja kimoja, bila kunitazama.

Migebuka nilichagua watano, wa kubanika,
wamejikunja migongo kama barua iliyokaa mfukoni.
Mawese, dumu la lita tano: mfuniko,
chini ya mfuniko nailoni,
juu ya mfuniko mpira wa baiskeli,
juu ya mpira, dua.

Wimbi ndilo lililonitesa.
Nilisimama majini hadi magotini na chupa ya soda,
nikalisubiri. Linakuja, naliinamia,
limeshakuwa maji.
Mara ya tano, vijana waliokuwa wakisugua boti
wakaanza kunihesabia kwa sauti.
Nikafunga kizibo. Maji ni maji.
Atakua, nikajisemea, ataelewa.

Stesheni, karani wa mizani akauliza,
"Na hii chupa?"
"Wimbi."
Akaandika: maji.

Behewa zima lilinuka zawadi.
Uvinza, usiku, mkono ulipita dirishani na mfuko wa chumvi,
na mkono wangu ukaupokea, hakuna aliyeagiza.
Karibu na Kaliua dumu likatoa chozi, jekundu, taratibu,
juu ya kitenge nilichojinunulia mwenyewe,
kitu changu pekee katika mzigo wote.
Nilikisugua hadi Urambo.
Mawese hayasahau walipoyaweka.

Tabora, jua halijapanda juu ya paa,
mama mkwe akachovya kidole, akalamba, akanyamaza.
Kunyamaza kwake ni cheti.
Hidaya alipata punje nne za mchanga, akanionyesha zote.
Mwalimu mkuu akampokea mgebuka kwa mikono miwili,
akampima kwa macho, toka kichwa hadi mkia,
akasema, "Zamani, lakini."

Mihayo alimimina chupa kwenye beseni la bluu,
akaonja.
Akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji.
"Hayana chumvi. Kitabuni wameandika maji ya ufukweni yana chumvi."
"Mwanangu, lile ni ziwa, si bahari," nikaanza,
kwa ile sauti yangu ya kipindi cha pili,
naye keshachana mfuko wa Uvinza kwa meno,
kwa lile pengo,
anamwaga, anakoroga kwa mkono hadi kiwiko,
anashika kingo mbili za beseni, anatikisa,
na maji yanapanda upande mmoja,
yanasimama kidogo, yanawaza,
yanaanguka miguuni pangu.

"Umeliona? Lilikuwa limelala. Safari ndefu."

Nami nimesimama pale, viatu vimelowa,
maili nyingi kutoka Kibirizi,
nahesabu kimya kimya,
moja, mbili, la tatu hili linakuja,
na kutoka jikoni bibi yake anapaza sauti:
"Nani kachezea chumvi?"