Sijachora Chumvi

Miaka ishirini na sita nimefungua redio pale Kizota
kwa bisibisi isiyo na mpini na pua isiyokosea:
kapasita ikivimba naijua kabla sijaiona,
transfoma ikiungua nainusa toka ng'ambo ya barabara.
Leo Nyemo, binti wa dada yangu,
amenikalisha mbele ya kioo
kisichonuka chochote.

"Mjomba, shika kipanya."
Nakishika kama kifaranga, kinakimbia.
Rezista niliyotaka kuisimamisha
imelala ubavu nje ya karatasi.
Nyemo hacheki. Anabana midomo tu,
kama mama yake alivyokuwa akibana
nikisoma barua kwa sauti.

Tunachora saketi ya Mzee Chilongola wa Mpunguzi,
mwenye mizabibu, tangi, na pampu ya jua
isiyojua kunyamaza: tangi limejaa,
yenyewe inasukuma tu, maji yanaogesha mawe.
Misumari miwili itaning'inia tangini;
maji yakiigusa, pampu izime.
Rahisi, nilisema mwaka juzi,
nikaunguza transista tatu, mia tano mia tano,
na nauli ya kwenda kuomba radhi.

Hapa nimeunguza arobaini kabla ya adhuhuri
na mfuko wangu hauna habari.
Zinageuka nyekundu, Nyemo anabonyeza, zinafufuka.
Nani amewahi kuona kifo cha bei hiyo?

Kisha waya.
Zikipishana bila nukta, anasema, hazijuani.
Moja imepita juu ya nyingine, basi.
Ukitaka zijuane, weka nukta.
Nikamkumbuka kaka yangu Yaledi:
tangu kesi ya kiwanja, miaka minne
tunapishana soko la Majengo
bega kwa bega, bila nukta.
Nikaweka. Ikatoka kubwa mno.
Nyemo akauliza kama kidole kimeteleza.

Nikabonyeza iende. Ikagoma.
"Hujaweka udongo, mjomba."
Vistari vitatu vinavyopungua kwenda chini,
kama ngazi ya kushukia shimoni.
Bila hivyo mashine haijui sifuri iko wapi,
na asiyejua sifuri hawezi kukwambia
hizi volti tano ni tano kutoka wapi.

Hapo nikacheka mimi.
Huku kwetu udongo hubembelezwa.
Mwezi wa kumi, nondo ya ethi imesimama ardhini
inacheza kama jino la mwisho la bibi,
nami naimwagia ndoo ya maji ya chumvi
ndipo ardhi ikubali kupokea.
"Chumvi?" Nyemo akaacha kipanya.
Kwa mara ya kwanza siku hiyo
akatafuta kalamu.

Maji ya tangi tuliyachora kama rezista,
jioni saketi ikakubali, Jumamosi tukaifunga.
Siku tisa ikatii.
Ya kumi, simu: mizabibu imesinyaa,
tangi kavu, na pampu imetulia
ikiamini limejaa.

Nikapanda ngazi.
Kati ya msumari na msumari,
ganda jeupe, jembamba kama ukucha wa mtoto,
limejenga daraja, na umeme unavuka.
Nikalamba kidole.
Maji ya kisima cha Mpunguzi
hayakuwapo darasani.

Usiku nikaufungua mchoro peke yangu.
Kipanya kimekwishazoea mkono.
Sambamba na rezista ya maji nikaweka nyingine,
nikafuta herufi na namba iliyopewa,
nikaandika, kwa kidole kimoja: CHUMVI.

Nikabonyeza.
Kwenye kioo, tangi tupu,
pampu ya Mzee Chilongola ikanyamaza,
ikakosea vilevile ilivyokosea kweli,
na sikumbuki kosa jingine
lililowahi kunifurahisha hivyo.