Maagizo kwa Murhula, Kabla Sijaenda Kujifungua

Kaa. Kiti kinayumba, usikilaumu,
Kadutu nzima imeinama kuelekea ziwani.
Kibodi imechoka: A imefutika, E imefutika,
usizitafute kwa macho. Vidole vitazizoea
kama miguu inavyozoea ngazi za sokoni usiku.

La kwanza, hata ukisahau mengine yote:
kidole cha mwisho juu ya Ctrl, cha pete juu ya S.
Kila ukimaliza sentensi. Kila ukipiga chafya.
Kila mteja akisema, "Ngoja kidogo, nifikiri."
Umeme wa SNEL haubishi hodi ukija
wala hauagi ukienda.
Nilipoteza kurasa kumi na tisa za TFC ya Cirhuza,
ugonjwa wa mihogo huko Walungu, pamoja na majedwali,
tukabaki gizani tukitazama taa za ng'ambo ya Ruzizi
zikiwaka bila aibu.
Hakunitukana. Alikaa hapo ulipokaa wewe,
akaniuliza kama nakumbuka hata aya moja.
Nilikumbuka moja.
Ilikuwa ya shukrani.

Faili ipe jina kama unayemwita mtu umjuaye:
mwaka, mwezi, mwenyewe, kazi.
Usiandike "mwisho". Nimeona "mwisho",
nimeona "mwisho kabisa", "mwisho kabisa 2",
na "mwisho wa kweli Mungu anisaidie",
na bado profesa akapelekewa ile ya Februari.

Flashi za wateja zichunguze kabla ya kuzifungua,
hata ya padri. Hasa ya padri,
inalala kila parokia.

Kipanya kikigoma usikigonge mezani.
Alt na Tab zitakutoa kwenye barua ya mahakama
mpaka kwenye orodha ya mahari, na kukurudisha,
kabla wa kwanza hajasoma ng'ombe wa wa pili.

Tangazo la kifo usilianze upya.
Lipo kwenye folda ya Vielelezo, linangoja majina.
Lakini hapa nisikilize vizuri.
Ctrl na H hutoa neno na kuweka lingine,
na chini yake kuna kitufe cha kubadilisha yote.
Juni ile nilikuwa na haraka.
Marehemu aliyetangulia aliitwa Neema,
aliyefuata Nabintu. Nikabofya mara moja,
nikachapa nakala arobaini, nikapokea franka.
Jumamosi, kanisani Bagira, shemasi akasoma kwa sauti
kwamba familia inawashukuru nyote mliofika,
na kwamba kwa Nabintu ya Mungu
tutaonana tena.

Mtu akacheka benchi la nyuma, akaziba mdomo.

Nilipanda Bagira kuomba radhi, pesa zao mkononi.
Mama yake alikuwa uani akichambua sambaza.
Hakuzipokea. Alijifuta vidole kwenye kitenge,
akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne,
akanisomea ule mstari polepole,
kisha akasema, "Huu usiuguse."

Wewe, hata hivyo, badilisha moja moja.

Neno la siri nimelibandika kwenye skrini. Libandue,
likariri, ulitafune ukipenda.
Jioni nakili kazi zote kwenye diski ya nje,
uende nayo nyumbani, isilale hapa:
paa hili na mvua ya Novemba wana maneno yao.
Mimi nitarudi kabla ya hapo, huyu akikubali;
tangu asubuhi ananipiga mateke
kama mwanafunzi aliyechelewa kuwasilisha.

Haya, andika kitu nione.
Jina lako? Sawa, wote huanza na jina.
Taratibu. H inakuja baada ya R...
Umeona taa ilivyocheza?
Vidole, Murhula! Vidole!