Kadi ya Mtungi wa Tisa

Tumeishusha yote leo, mitungi tisa,
jikoni, maabara, ofisini, mpaka dakhalia.
Kila ulipotoka pamebaki chokaa safi,
umbo la mtu asiye na mikono.

Dadi wa chuma chakavu alishafika na mizani yake,
kakaa juu ya tairi bovu, anahesabu kilo kwa macho.
"Mzee wa stoo, nipe hivi hivi, nitajua mwenyewe."
Najua atakavyojua: msumeno wa umeme, cheche,
na kijana wake Haroub, asiye na kidole cha pete
tangu ule mtungi wa Jadida
uliporuka kama kuku aliyechinjwa nusu,
ukatoboa bati, ukatua kwa jirani
katikati ya mpunga ulioanikwa.
"Mshale ulikuwa kwenye sifuri," Haroub anasema,
sauti ya mtu anayejitetea mbele ya mama yake.
Mshale nao hulala, mwanangu.
Na aliyelala, ukimwamsha, utalala wewe.

Basi tukaipakia gari la ng'ombe,
tukaifunga kwa kamba ya usumba isibingirike,
mpaka kituo cha zimamoto.
Koplo Salha, kitambaa puani, glavu mpaka viwikoni,
akaugeuza wa kwanza kichwa chini,
mdomo wake ndani ya gunia, akabana
kidogo,
kidogo.
Pumzi ikatoka mwanzo, halafu unga,
njano iliyofifia, laini kuliko wa muhogo.
"Huu si wa kumwaga mtaroni," akasema, "wala shambani.
Na wewe mzee, simama juu ya upepo."

Wa nne haukutoa kitu. Akaugonga kwa kiganja: du.
Unga umegandamana ndani umekuwa saruji.
Wa tano vilevile.
Wa sita mwepesi, dafu lililokwisha nywewa.
Akazishika kadi zilizoning'inia shingoni,
akazisoma moja moja: Januari, Januari, Januari,
wino mbalimbali, saini ile ile.
"Nani huyu aliyekuwa akikagua?"
Ng'ombe alipiga mkia.
"Huyo," nikasema, "ni mimi."

Miaka kumi na moja nilipita mbele yake
kama apitavyo mtu kwenye kaburi la asiyemjua:
jicho, kalamu, haya twende.
Sikuunyanyua hata mmoja.
Chini ya saini yangu walilala
wasichana sitini na wawili,
na mishumaa yao umeme ukikatika,
na ile pasi ya mkaa wanayoificha mvunguni
Bi Time asiione.
Moto haukuja. Sina la kujisifia.
Haukuja tu.

Salha hakusema neno. Heri angelisema.
Akavifungua vichwa kwa spana, shaba huku, mpira kule,
kisha kila kiwiliwili akakitoboa matundu mawili
asije mtu akakipaka rangi mpya
akamuuzia mjinga mwengine.
"Sasa mwite Dadi wako."

Dadi akapima: kilo arobaini na tatu, bila pumzi.
Alinipunja, nikaona, nikamwachia.
Kitavuka maji, anasema, kiyeyushwe, kirudi nondo,
na nani ajuaye, pengine kwenye msingi
wa dakhalia mpya inayosemwa kila mwaka.

Niliomba kitu kimoja: kadi ya mtungi wa tisa,
ule wa mlangoni, wanapolala watoto.
Mstari mmoja ulibaki.
Nikaandika tarehe. Na pahala pa hali ya mtungi,
ambapo miaka yote niliandika "Nzuri",
nikaandika: Haukuwa na kitu.
Saini nikaitia polepole, si ule mkia wa haraka,
herufi zote, Masoud Shaame Kai,
isomeke.