Nusu Athari

Zamu yangu kwenye mashine inaanza saa nane usiku.
Hivi ndivyo wanavyotugawia hapa Al-Khudh:
huyu na mawingu yake, yule na mafuta chini ya mchanga,
mimi na sumaku za angani.
Masaa matatu. Ikizidi dakika unakatwa,
kama anavyokatiwa maji mwenye shamba aliyelala.

Hilo nalijua. Kwetu Samail falaji
hupimwa vivyo hivyo, fungu kwa fungu,
na fungu moja, nusu saa ya maji, huitwa athar.
Mama, aliyekulia Ujiji, alilicheka neno hilo.
Kwa Kiswahili chake athari ni kile kinachobaki
jambo lenyewe likishaondoka.
Aliniachia nusu yake. Robo saa.
Kaka yangu Hamdun akaigeuzia mitende yake
mwaka ule ule wa mazishi,
na tangu hapo hatusemezani.

Natia elektroni bilioni mbili ndani ya sanduku.
Si za kweli. Protoni humzidi elektroni uzito
mara elfu moja mia nane thelathini na sita;
mimi naandika ishirini na tano.
Nikiandika ukweli mashine haitamaliza,
hata nikiazimwa zamu za ukoo mzima.
Thuwaiba wa meza ya pili husema sote tunadanganya,
ila uongo wako uandike ukurasa wa tatu,
msomaji auone.
Sanduku nalo halina kuta:
chembe inayotokea kulia hurudi kwa kushoto
kama mgeni aliyesahau viatu.

Juu, mistari ya sumaku inakwenda mashariki.
Chini, magharibi.
Kati yao utando wa umeme, mwembamba.
Wanasukumana na hakuna kinachotokea.
Lazima uuchokoze wewe, ukunje kidogo tu katikati,
la sivyo utakaa vile mpaka zamu iishe,
pande mbili zikiheshimiana kwa chuki.
Nimeukunja.
Nimekunywa kahawa iliyopoa tangu Isha.

Saa kumi kasorobo utando unaanza kukonda
kama kiwiko cha kanzu kuukuu.
Halafu mstari unakatika.

Nasema unakatika, lakini tusidanganyane hapa pia:
uzi wa sumaku hauna ncha, haujui kuning'inia.
Pale pale unapoachana na nusu yake
umeshashikana na ule wa upande wa pili,
uliokuwa ukikabiliana nao usiku kucha,
na viungo hivyo vipya, vimepinda, vinafyatuka
kama mpira wa manati, kulia, kushoto,
na moto wote uliokuwa umebanwa unatoka nao.
Skrini inakuwa nyekundu.
Huko juu, kwenye mkia wa dunia,
hivi ndivyo mbingu za kaskazini zinavyopata rangi zake.
Hapa ni kiyoyozi tu kinachovuma.

Nimetafuta jina lake kwa lugha ya nyumbani.
Kuungana upya, niliandika daftarini, nikafuta.
Hakuna mstari hata mmoja uliorudi kwa mwenzake wa zamani.
Mama angesema kuunga, basi.
Aliunga mchuzi kwa nazi,
aliunga mkono wa Hamdun ulipovunjika, kwa kijiti na kitambaa,
na jioni za Ramadhani alitutuma nyumba hadi nyumba
na mabakuli yaliyofunikwa, tukaunge udugu.
Sikumbuki kama aliwahi kusema
udugu ukiungwa unaungwa na nani.

Simu imetikisika juu ya meza.
Namba niliyoifuta jina, si tarakimu.
*Maji yako yamepita saa kumi. Hukuja.*

Nimeisoma kama ninavyosoma makosa kwenye programu,
neno kwa neno, nikirudi nyuma.
Maji yako.
Miaka sita, naye anasema yako.
Au ananisuta? Kwake yote mawili huwa ni sauti moja.

Nimeandika: *Yameingia kwa nani?*
Sijapata jibu.

Saa kumi na moja mashine imenikata.
Picha ya mwisho ni ya mia nne na kumi na mbili:
mikondo miwili inakimbia kwenda pembeni,
haijafika,
na katikati, palipokuwa na utando,
peupe.