Fomu ya Kliniki, Al-Khoudh

Muuguzi kaniuliza, kalamu mkononi:
katika ukoo wenu, nani mwengine aliyesahau?

Kidogo nicheke. Kwetu hajasahau mtu.
Bibi Shinuna "alichoka".
Mjomba Mahfudh "alirudi utoto".
Bi Azza, dadake bibi, alitoka Ibra alfajiri
na dele la kahawa mkononi,
akakutwa adhuhuri kwenye wadi kavu
anamngoja mwanawe atoke skuli.
Mwanawe ana wajukuu.
Tukasema kijicho. Tukafukiza ubani.

Andika watatu, nikamwambia.
Wa nne ni huyu niliyekuja naye.

Mama Kiarabu kimemtoka.
Alichojifunza mwisho ndicho kilichotangulia kuondoka,
kabaki na Kiswahili cha Wete, cha utotoni,
na binti yangu Rayyan, mzaliwa wa hapa,
anajua "njoo" na "kula", basi.
Wanazungumza kwa halua:
mmoja anakata, mwengine anafungua mdomo.
Wazee husema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi.
Mimi ndiye ninayeokota njiani.

Baba alipofariki kadhi alitugawia:
nyumba, mitende kumi na minne,
zamu ya maji ya falaji usiku wa Jumanne;
wanaume mafungu mawili, sisi moja moja.
Haya ya mama hayana kadhi.
Huenda kaka kayabeba yote na hajui.
Huenda yamenipita, yanamtazama Rayyan.
Daktari anasema hatari si hukumu:
tembea, lala, chunga presha.
Natembea. Kila magharibi nauzunguka msikiti mara saba
nikitaja mashangazi kwa mpango wa kuzaliwa.

Juzi nimesimama mbele ya friji
sijui nimefuata nini.
Kila mtu husimama hivyo, najua.
Mimi nilisimama mpaka friji ikaanza kulia.

"Umri?" Hamsini na mbili.
Mama kanishika shavu, mkono baridi wa kiyoyozi:
"Mama Shinuna, twende zetu nyumbani."
Nikamwitikia, "Haya, mwanangu,"
kwa sauti ya bibi, sijui nimeitoa wapi.

Rayyan akanivuta buibui. Kasema nini?
Nikamwambia: nyumbani. Sema.
Akasema.
Sema tena.