Zilizoharibika: Tatu

Darasa la Tano B, juu ya Tengeru, saa nne za usiku.
Ubaoni bado pana hesabu za sehemu
ambazo mwalimu hakuzifuta,
nasi tunahesabu chini yake kwa tochi ya simu,
maana umeme wa huku mlimani una hiari yake.
Mimi ndiye karani. Mimi ndiye ninayekunjua, ninayesoma,
ninayeinua karatasi mawakala waione mbele na nyuma.

Mbele kuna nyuso tatu na visanduku vitatu.
Nyuma ni nyeupe.

Ya mia moja na kumi na mbili ina mwandiko.
Hajachagua uso. Ameandika nyuma, kwa herufi kubwa
za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani:
MLIPOKUJA NA MAPANGA MLIFYEKA NA MAHINDI.
Wakala mmoja anacheka. Mwingine anakohoa.
Sote tunalijua shamba lenyewe, kule korongoni,
na magunia yaliyochomwa, na moshi ulioshuka hadi shuleni
tukafunga madirisha, tukachelewa,
watoto wakacheka hovyo mpaka kengele ya mchana.
Sote tunajua pia kahawa iliuzwa bei gani mwaka ule,
na ada ya Ndewario ililipwa na majani gani.

Msimamizi anafungua mwongozo.
"Je, nia ya mpiga kura inaonekana?"
Inaonekana, nasema.
"Nia ya kumchagua nani?"
Nakaa kimya. Bangi haijagombea.

Ya pili imekunjwa mara nne, ndogo kama hirizi.
Haina alama. Ina jina tu:
Nsiaeli.
Wakala anayekohoa anauliza kama ni mgombea wa udiwani.
Nasema hapana.
Nilisoma naye humu humu, dawati la pili kutoka dirishani.
Nilimsindikiza Unga Limited siku ya Jumamosi,
kwa mama mmoja mwenye chumba cha pazia la kijani.
Nikamshikia sweta.
Jumatatu alikuwa hospitali, wodi ambayo wauguzi
hunong'ona kwanza, halafu huandika malaria.
Alhamisi tukampandisha mlimani. Mchungaji alihubiri kifupi.
Mkono huu ni wa mama yake,
naufahamu kwenye daftari la kikoba.

Nina binamu yuko Amerika, anaogesha wazee zamu ya usiku.
Alinitumia picha ya karatasi yao ya kura,
ndefu kama orodha ya kamati ya harusi,
na chini ya majina, maswali:
kuhusu mimba, ndiyo au hapana;
kuhusu bangi, ndiyo au hapana.
Yeye hapigi kura kule. Alimshikia miwani bibi anayemhudumia.
Nikamwuliza, wanaulizwa hivi hivi,
kama mgeni anavyoulizwa sukari vijiko vingapi?
Akasema wanaulizwa. Na wanagombana kweli kweli.
Moja ilipita, moja ikaanguka,
asubuhi watu wakaenda kazini.
Nililala na neno hilo, wanaulizwa,
nikaamka nalo, nikalipalilia migombani wiki nzima.

"Karani," anasema msimamizi. "Hii nayo?"

Nia inaonekana. Imeandikwa kwa peni ya bluu,
imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka
kwenye nukta baada ya jina.
Nasema: imeharibika.
Mawakala wanatia saini. Bahasha inalambwa, inafungwa,
kisha inafunguliwa tena, kwani rundo halijaisha.

Imebaki moja, chini kabisa.
Naujua mkunjo wake. Niliukunja mimi saa moja asubuhi,
kidole bado kibichi kwa wino.
Mbele sikuweka alama. Nyuma niliandika swali,
na chini ya swali nikachora visanduku viwili
kwa rula ya mwanangu, vikawa vimependa kidogo upande.

Nainua. Mbele. Nyuma.
Simu ya msimamizi inazima, chaji imekwisha.
Gizani mtu anatafuta kiberiti na dawati linalia,
na yule wakala aliyekuwa akicheka
anasema, taratibu,
"Soma basi."